Waliopeana Migongo Katika Juzuu ya Kumi na Tatu

Siku Mama mdogo alipofungua juzuu ya kumi na tatu na kuwakuta wapenzi wawili wamepeana migongo, aliifunga, akaifungua tena, kisha akaiweka mezani taratibu kama mtu anayetua sufuria ya moto. Hakupiga kelele. Alivua miwani. Sisi tuliomzoea tunajua kwamba akivua miwani, kinachofuata si maongezi ya kawaida.

Mama mdogo, mdogo wake mama yangu, hurekebisha vitabu katika maktaba ya mji. Ana miaka ishirini na miwili katika chumba kimoja nyuma ya rafu za magazeti: meza iliyochanjwa na visu, chuma cha kubania vitabu, msharasi wa kutobolea, mikebe ya gundi, na dirisha linalotazama maegesho ya baiskeli. Wenzake humwita Gundi. Yeye anadai jina limetokana na kazi. Dada wa mapokezi anasema limetokana na tabia ya kung'ang'ania jambo.

Ana sharti moja: hakuna kitabu kinachotoka chumbani mwake kabla hajakisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Alijiwekea sharti hilo zamani, baada ya kurudisha rafuni kitabu cha mapishi ambacho kurasa za keki ziliingia katikati ya kurasa za samaki, na mama mmoja akaja kuuliza kwa upole kama kweli vanila hutiwa kwenye mchuzi. Tangu hapo husoma kila kitu. Amesoma sheria za ardhi, maradhi ya kuku, na wasifu wa watu ambao hata ndugu zao hawakujisumbua kuusoma.

Ndivyo alivyoingia kwenye manga, vile vitabu vya hadithi za michoro kutoka Japani. Maktaba ilipewa zawadi ya mfululizo wa juzuu kumi na nne, umetafsiriwa vizuri, hadithi ya mapenzi ya kuchekesha. Mvulana na msichana wanaishi milango inayotazamana, wanasoma darasa moja, na tangu juzuu ya pili kila mmoja anampenda mwenzake. Hakuna anayesema. Juzuu ya kwanza ilichanika ikaletwa kwa Mama mdogo. Alipoimaliza, aliazima ya pili mwenyewe, huku akilalamika.

Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa zile karatasi. Ndani ya jalada la nyuma la juzuu ya pili alibandika kijifuko, akatia kipande cha karatasi alichoandika kwa penseli: "Huyu mvulana ana mdomo wa kula tu? Gundi." Wiki iliyofuata alikuta jibu la mtu asiyemjua: "Subiri ya tatu. Utavunja meza." Ikawa mtindo. Kila juzuu ikapata kijifuko, na kila kijifuko kikajaa. Mwalimu mstaafu wa hesabu alihesabu mara ambazo mmoja wa wale wawili alifungua kinywa kusema neno lenyewe akakatizwa na simu, paka, fataki au kengele ya shule. Zilikuwa mara arobaini na moja hadi mwisho wa juzuu ya kumi na mbili. Chini yake Mama mdogo aliandika: "Ya paka nimeisamehe. Ya fataki, hapana."

Alikuwa msomaji mwenye hasira, lakini hasira yake ilikuwa na hoja. Ilimuudhi kuona mtu anayesikia nusu ya sentensi kisha anatimua mbio mvuani. Angesubiri nusu dakika, aliandika, tungeokoa juzuu mbili. Ilimuudhi ile michezo ya mvulana kuteleza ngazini na mkono wake kutua mahali pasipostahili, halafu msomaji anatarajiwa acheke. "Mimi hupanda ngazi kila siku ya kazi," aliandika, "na sijawahi kumwangukia mtu namna hiyo." Lakini kilichomkera kuliko vyote ni alivyotendewa msichana wa nywele fupi. Huyo ni rafiki yao, anatokea juzuu ya nne, na katika ya tano anamwambia mvulana waziwazi kwamba anampenda. Hazunguki. Mvulana anamgeuzia mgongo, na kurasa sita baadaye anampa mwavuli ili asilowe. Karatasi ya Mama mdogo kuhusu juzuu hiyo ina machozi ya gundi pembeni: "Mtu pekee aliyesema ukweli amelipwa mwavuli."

Maktaba ilipoonyesha anime, yaani filamu ya katuni, ya hadithi hiyo ukumbini kila Jumamosi alasiri, alikwenda mara tatu akaacha. Alisema kwenye kitabu ukimya ni wako, unakaa kwenye ukurasa hadi utosheke. Kwenye anime mtu mwingine anakupimia ukimya, halafu anaumwagia piano juu. Mara ya nne alirudi kwa ajili ya sauti ya yule wa nywele fupi. Mwigizaji alitamka "nakupenda" kama mtu anayetaja saa, bila kutetemeka. 

Katika juzuu ya kumi na tatu neno lilisemwa. Lilichorwa kwenye kurasa mbili zinazotazamana: mvulana ukurasa wa kulia, msichana wa kushoto, kila mmoja mbele ya mlango wake, wanaangaliana. Karatasi ya Mama mdogo ilikuwa na neno moja: "Hatimaye."

Sasa nieleze lililoharibika. Manga hufunguliwa kutoka upande ambao sisi tungeuita mwisho. Mgongo wa kitabu uko kulia, na macho husafiri kutoka kulia kwenda kushoto. Mwaka jana Mkuu wa maktaba aliamua vitabu vyote vya zawadi vivae majalada magumu ya kijani. Mama mdogo alikuwa likizo wiki mbili. Badala ya kumsubiri, Mkuu alituma juzuu zote kumi na nne kwenye karakana moja ya nje inayofunga madaftari ya ofisi. Karakana ilifanya inachokijua. Ilikata migongo ya kulia, ikapaka gundi kushoto, ikabana. Kurasa zilibaki katika mpangilio wake, lakini kila uliokuwa kulia ulihamia kushoto na kila wa kushoto ukahamia kulia. Vijifuko vilibanduliwa pamoja na majalada ya zamani. Kama dada wa mapokezi asingeokota karatasi na kuzitia kwenye bahasha, zingefagiwa.

Kwa kuwa juzuu zilirudi zikimetameta, hazikupita kwenye meza ya Mama mdogo. Aliona ukijani rafuni, akanuna, akaendelea na kazi. Wasomaji ndio waliogundua, nao hawakujua walichogundua. Walijaribu, wakapotea, wakaacha kuazima. Miezi sita ikapita. Jumatatu moja likabandikwa tangazo la Mkuu kwamba vitabu visivyoazimwa vitaondolewa Ijumaa na kupelekwa kwenye karatasi taka, na mfululizo huo ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Siku hiyohiyo dada wa mapokezi alimletea Mama mdogo juzuu ya kumi na tatu. Ndani yake msomaji mmoja alikuwa ameacha kikaratasi: "Kumbe waliachana. Tumesubiri yote haya bure."

Hapo ndipo alipoifungua na kuvua miwani. Mvulana bado alitazama kushoto, ila sasa kushoto kwake palikuwa na ukingo wa kitabu. Msichana bado alitazama kulia, akiangalia kidole gumba cha msomaji. Kati yao, yale maneno yaliyosubiriwa yalikuwa yamemezwa na gundi.

Alikwenda kwa Mkuu akiwa na kitabu mkononi. Mkuu ni mtu nadhifu, mpole wa sauti, anayependa meza tupu. Alimsikiliza, akageuza kurasa mbili, akasema, "Mama, hivi ni vikatuni. Mgongo uwe huku, uwe kule, picha si zilezile?"

"Mkuu, vaa shati lako nyuma mbele uende kikaoni," Mama mdogo akamjibu. "Vifungo si vilevile?"

Dada wa mapokezi, aliyekuwa mlangoni na barua za kusainiwa, anasema alilazimika kukohoa. Mkuu hakucheka. Alieleza kwamba takwimu hazidanganyi, kwamba watu hawaazimi vitabu hivyo, kwamba karakana ilileta kazi kwa wakati na ofisi haikukosea popote. Ijumaa ni Ijumaa.

Jioni hiyo Mama mdogo alinisimulia huku akikata vitunguu kwa kisu kikubwa kuliko kilichohitajika. Nami, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kuandika barua za kiofisi, nilijitolea kumwandikia Mkuu moja. Nilianza na heshima na taadhima, nikaomba ofisi yake tukufu ione uwezekano wa kufikiria upya. Mama mdogo aliisoma yote. Halafu akanirudishia.

"Mwanangu, barua hii ni yule mvulana wa mlango wa pili," alisema. "Inazunguka, inazunguka, haisemi."

Alikuwa na siku nne. Hakuweza kuokoa juzuu zote, basi alichagua moja. Alikata ule mgongo wa uongo, kurasa zikabaki huru mezani, majani tisini na sita. Kisu cha karakana kilikuwa kimekula ukingo wa kulia, kwa hiyo asingeweza kushona moja kwa moja bila kumeza michoro. Kila jani alilibandikia utepe wa karatasi nyembamba liwe na bawaba mpya, akasubiri ukauke, akapanga, akatoboa, akashona. Lile eneo lililokuwa limegandiana alililainisha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, nukta kwa nukta, hadi maneno yakajitokeza. Alitumia mapumziko yake ya mchana yote. Nilipompelekea chakula alikuwa akisema peke yake, na sitaandika hapa aliyoyasema kuhusu karakana ile.

Ijumaa asubuhi niliketi kwenye benchi nje ya ofisi ya Mkuu, mlango ukiwa wazi. Makatoni yalishapangwa ukumbini. Mama mdogo aliingia, akaweka juzuu mezani, mgongo kulia, akamwomba Mkuu asome kurasa ishirini za mwisho. Asitazame, asome. Mkuu aliangalia saa, kisha akaanza. Mwanzoni aligeuza haraka. Baadaye akapunguza mwendo. Alipofika kwenye milango miwili alikaa hapo muda mrefu, na nikaona kidole chake kikienda kutoka kulia hadi kushoto, kikarudi.

Alichukua karatasi, akaandika agizo, akamsogezea. Mama mdogo alilisoma kwa sauti: juzuu kumi na nne zibaki, zifanyiwe marekebisho madogo kutokana na uchakavu.

"Uchakavu gani?"

"Ni lugha ya ofisi tu, mama. Si vitabu vyako vimebaki?"

Vilikuwa vimebaki kweli. Angeweza kukunja karatasi, kusema asante na kuondoka, na nakiri mimi pale benchini nilikuwa nikimwombea afanye hivyo. Ni Mkuu aliyeandika. Ni Mkuu angeweza kufuta. Mama mdogo alivua miwani.

"Karatasi hii itakaa kwenye jalada la ofisi," alisema. "Kesho kutwa atakuja mkuu mwingine, atasoma kwamba ni uchakavu, na atavituma kulekule. Mimi nimesubiri juzuu kumi na tatu mtu aseme neno moja. Hapa sisubiri."

Mkuu alijaribu kutabasamu, tabasamu likakosa pa kukaa. Alimkumbusha kwamba makatoni yako tayari na agizo linaweza kuchanwa. Mama mdogo akamwambia alichane, kisha yeye atawaeleza wasomaji, mmoja mmoja, kwenye vijifuko, nani alifunga nini upande gani. Hakupandisha sauti. Alisimama tu, mikono imejaa madoa ya gundi kavu, kama mtu mwenye siku nzima.

Mkuu alichukua kalamu. Alifuta "madogo". Alifuta "kutokana na uchakavu". Juu yake aliandika kwa herufi ndogo: "kwa sababu vilifungwa kinyume kwa agizo langu." Maktaba ile ina utaratibu kwamba kila kilichofutwa kwenye waraka lazima mwandishi akitie sahihi pembeni. Alitia sahihi mara mbili, na zote mbili alizitia akiangalia dirishani.

Nilidhani Mama mdogo atatoka akicheka. Alipita mbele yangu na karatasi yake kifuani, bado amekasirika. "Mdomo wa kula tu," alisema. "Ameandika. Hakusema."

Siku hiyo alibandika kijifuko kipya kwenye juzuu ya kumi na tatu. Ndani yake alitia kile kikaratasi cha msomaji aliyedhani wameachana, na chini yake akajibu: "Hawakuachana. Walifungwa vibaya. Soma tena, anzia kulia. Gundi."

Kisha akaanza nyingine kwa zamu, akizilaani moja baada ya nyingine, hadi alipofika kwenye ya tano. Hapo alikwama. Katika mchoro wenyewe, msichana wa nywele fupi yuko ukurasa wa kulia, anamtazama mvulana, na mvulana yuko wa kushoto amemgeuzia mgongo. Karakana, kwa ujinga wake, ilikuwa imewahamisha. Sasa msichana alikuwa mbele, anaondoka, uso mkavu, na mvulana ndiye aliyebaki nyuma akimtazama.

Mama mdogo alikaa na kurasa hizo mbili mchana kutwa, kisu na miwani vikiwa mezani. Nilipokwenda kumchukua turudi nyumbani alinionyesha, akaniuliza ningefanya nini.  Akavaa miwani, akakata gundi, akambandikia kila mmoja bawaba yake, na akamrudisha yule msichana mahali alipochorwa, kulia, akitazama mgongo wa mtu. Alishona kwa nguvu hadi uzi ukakatika mara mbili.