Lipu ya Fundi Kioo

Mume wangu ni fundi wa lipu. Mtaani wanamwita Kioo, eti ukuta aliopiga lipu yeye unaweza kusimama mbele yake ukachana nywele. Mimi nimeishi naye miaka ishirini na saba na kioo bado nanunua dukani, lakini sifa hiyo nimemwachia, maana ya upishi hana.

Woga haujui. Ameshaning'inia ghorofa ya kumi na nne huku anatafuna mkate. Ndiyo maana Jumamosi ile, nilipomwona anafuta viganja kwenye suruali ndani ya kanisa lenye ukubwa wa sebule mbili, nilianza kwa kumcheka.

Kanisa lenyewe limebanwa kati ya benki na kiwanja kinachojengwa ghorofa. Lina zaidi ya miaka mia moja, na watu huja kulipiga picha. Kifunguamimba wetu alilichagua kwa harusi yake. Zilibaki wiki tano, kadi zimeshagawiwa, akataka tulione. Baba yake alikataa mara mbili: mara kichwa, mara mgongo. Mara ya tatu nikamwambia akibaki nyumbani atajipikia.

"Mama, mimi nitasimama hapa," binti alisema, mgongo kwenye ukuta mrefu mweupe, laini kama ganda la yai. "Picha zitatoka, we acha tu!"

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi karibu naye, chini ya ukuta uleule, napumzisha miguu. Huko kiwanjani mashine ilikuwa inashindilia nguzo ardhini. Kila ikipiga, sakafu ilinitetemekea kwenye nyayo, na mume wangu alifumba macho.

"Vipi, unaogopa kutoa binti?" nikamtania.

"Mke wangu, nyanyuka hapo. Njoo huku."

Alisema polepole, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, hata siku tuliyomzika kaka yake. Nilinyanyuka kabla sijajua kwa nini. Utani ulinikauka mdomoni.

Akausogelea ukuta, akaugonga kwa kifundo cha kidole. Chini ulilia kama jiwe. Usawa wa bega ulilia kama debe tupu. Akagonga kulia, akagonga kushoto, kote tupu. Akatoa ufunguo wa nyumbani, akakwaruza ufa mwembamba kama unywele, na mchanga mkavu ukaanza kumwagika. Nilisubiri uishe, haukuisha. Na mwanangu alikuwa bado palepale, ameinua mikono anapima shela litakavyokaa.

"Toka hapo!" baba yake akapiga kelele. "Tokeni wote!"

Wageni waliokuwa wanapiga picha wakageuka. Mama mtunza kanisa akaja mbio, miwani mkononi.

"Baba, huo ukuta haukwaruzwi! Ni wa kale."

"Mawe ndiyo ya kale, mama. Lipu ni yangu."

Akamweleza palepale. Ukuta wa mawe na chokaa unataka kupumua. Ukiufunika kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unabaki ndani unakula kimyakimya, miaka na miaka, huku nje panang'aa. Mafundi wote wanajua. Yeye pia alijua.

"Weka mkono," akamwambia.

Mama yule akaweka kiganja ukutani. Mashine ikapiga. Akautoa mkono haraka, akaanza kuwafukuza watu kama anafukuza kuku. Tulipofika nje alifunga mlango mwenyewe. Kisha akaenda kupiga simu, na mimi nikabaki nahesabu watu wangu, mmoja, wawili, kana kwamba walikuwa kumi.

Binti alikuwa analia kwa hasira.

"Wiki tano, Baba! Kwa nini hukusema tangu mwanzo?"

"Nilijipa moyo kwamba labda ukuta umeshika. Miaka yote hii napita barabara ya nyuma, nisiuone."

"Wenye kanisa walikwambia utumie saruji?"

"Walisema chokaa." Aliegemea ukuta wa kanisa kwa nje. "Chokaa unapiga tabaka, unangoja, unapiga jingine. Wiki tatu. Saruji ni siku nne."

"Sasa ulikuwa unakimbilia wapi?"

Alinitazama mimi, na hapo nikajua. Wiki ya zile siku nne nilikuwa wodi ya wazazi. Ijumaa, kazi ameshaimaliza, alinitokea na saruji kwenye nyusi, wa kwanza kati ya waume wote kufika. Nilimsifia wodi nzima, na mpaka leo nawatambia mawifi.

"Alikuwa anakuja kukuona wewe," nikamwambia binti. "Ulikuwa na siku tatu."

Nilidhani atapiga kelele tena, na nisingemlaumu.

Mashine ikapiga. Vumbi jeupe likatoka chini ya mlango uliofungwa. Binti yangu akamshika baba yake mkono, akambandua kwenye ule ukuta aliouegemea, akamvuta mpaka ng'ambo ya barabara, na hata huko hakumwachia.