Kola ya Mbuzi wa Karibu

Nilisikia mlio kabla sijafumbua macho: ti, ti, chini ya dirisha, kisha kimya. Nilikuwa nimejilaza mkekani baada ya adhuhuri, kando ya kitanda cha baba. Tangu kiharusi kimwangushe, miaka miwili nyuma, dunia yangu ilikuwa na upana wa mkeka huo.

Nikachungulia. Kaka yangu alikuwa amechutama uani kwetu Shella, ameshika kola ya mbuzi. Kwa masomo yake ya chuo aliwavisha mbuzi wetu kola zenye mashine za kupima joto la mwili. Kila kola ikituma habari peke yake hadi nyumbani, betri haidumu. Kwa hiyo mbuzi walio karibu hufanywa kundi, na kola moja hukusanya habari za wenzake na kuzituma kwa pamoja.

"Imekufa," alisema. "Na kundi zima limenyamaza."

"Mbona hii tu?"

"Ya yule mbuzi mzee asiyetoka uani. Niliifanya kiongozi kwa kuwa iko karibu, nikaisahau. Ilitakiwa zipokezane kazi hiyo."

Simu ya baba, niliyoishika mimi, ikatetema. Dada yetu wa Kaloleni: baba amekula? Kisha ami: amegeuzwa ubavu? Nikawajibu wote kwa ujumbe mmoja, kama kawaida.

Nyuma ya mlango begi langu lilikuwa limefungwa tangu Jumatatu. Waandishi wenzangu walikuwa Kikambala, wamenitengea chumba kwa wiki moja nimalize riwaya yangu. Kama nisingefika kabla ya magharibi ya kesho, chumba kingepewa mtu mwingine.

Nikapitisha simu dirishani. "Shika, kaka. Zamu yako."

Akacheka. "Acha mzaha, mdogo wangu. Mimi sijui hata kumgeuza."

"Hata mimi sikujua. Nilikuwa karibu tu."

Aliitazama ile kola, asinitazame mimi. Kitandani baba alikohoa, akasema kwa upande wa mdomo uliobaki na nguvu, "Mwache aende. Njoo wewe unigeuze. Mbuzi wamekushinda, tuone na mimi."

Kaka akaipokea simu, akaingia, akanawa mikono. Nikambusu baba kwenye paji la uso, nikachukua begi. Nilipokanyaga barazani simu ilitetema tena.

"Ami anauliza umegeuzwa," nilimsikia kaka.

"Mwambie bado," baba akajibu.

Kaka akaufunga mlango nyuma yangu.