Saa Tatu za Angani hadi Bukoba

Jirani yangu wa Chuno, yule Mhaya aliyekuwa akiendesha winchi bandarini, amefariki. Tumemzika hapahapa Mtwara. Alishasema mapema kwamba hataki wanawe wahangaike na jeneza njiani. Kaka yake mkubwa hakuwahi maziko. Nina hasira, wasomaji wangu, mnivumilie.

Miaka ya tisini, wakati wa masika, mama yao alifariki kwao Bukoba. Karani wa tiketi akampa moyo jirani yangu: Mtwara hadi Dar, Dar hadi Mwanza, Mwanza hadi Bukoba, ukijumlisha za angani peke yake ni saa tatu na kitu. "Chai unakunywa hapa, bwana, ubwabwa unakula kwenu." Naye kwa uchungu akaenda posta, akapiga simu: nisubirini, ni saa tatu tu. Basi ndege ya kwanza haikutua kwa mvua. Iliyofuata ilijaa waheshimiwa waliokuwa wakirudi semina. Akapanda basi, likazama kwenye tope hata mto Rufiji hajauona, wakalala humo. Alipofika kwao, tanga limeshaanuliwa. Akajieleza habari za mvua na tope, lakini kaka yake alimtazama pale mlangoni akasema, "Karibu, mgeni." Mgeni! Kwenye nyumba aliyozaliwa! Hawakusemeshana tena. "Wanadhani nilikuwa huku natafuna korosho," aliwahi kuniambia, akacheka, kisha akageukia ukutani ili nisimwone.

Sisi wa kusini tumezoea kupimiwa umbali na watu wasiousafiri. Ratiba inahesabu muda ambao ndege iko juu. Haihesabu kukaa uwanjani na begi lako miguuni, unaambiwa labda kesho, na kesho yake unaambiwa vilevile. Mtumishi akipangiwa kazi huku, kwao wanaanza kusema amewatupa. Wangapi wamenuniwa hivi mpaka wakaingia kaburini? Inaniuma, nasema kweli.

Safari hii simu za mkononi zipo, na daraja la Rufiji lipo. Shemeji yangu, mjane wa marehemu, alimpigia kaka mtu mwenyewe. "Msizike, shemeji," akajibu, "ni saa tatu tu, nakuja." Tulimsubiri mpaka hospitali wakatuambia haiwezekani tena kumhifadhi. Alikuja baada ya maziko, suruali tope mpaka magotini, maana ndege ilimwacha Dar na basi likanasa kulekule kulikonasa la mdogo wake. Nikampeleka makaburini. Akasema, "Kumbe alikuwa hanidanganyi." Halafu akainama na kuuliza kwa sauti, "Ulipitaje, mdogo wangu, na mvua ile?" Akauliza tena. Mimi nikatazama pembeni.

Kama una ndugu uliyemnunia kwa sababu alichelewa msibani, muulize leo alipita njia gani, wakati bado ana mdomo wa kukujibu.