Vijiti vya Nikeli Wakati wa Eda

Mume wangu alifariki asubuhi, akiwa ameinama kufunga kamba za viatu aende karakana. Hospitali walisema ni presha. Alizikwa Ujiji siku hiyohiyo baada ya sala ya alasiri, na mimi nikabaki nyumbani kwa mama yake, Buzebazeba, kukaa eda.

Sikulia. Wanawake waliokuja kuhani walinikumbatia, wakanitazama usoni wakisubiri, kisha wakalia wao. Nilikuwa naitikia vizuri. Tumeshapoa. Ahsanteni. Kazi ya Mungu. Nilikula nilicholetewa, na ukiniuliza baada ya kunawa mikono nilikuwa nimekula nini, nisingeweza kukwambia. Mama mkwe wangu ndiye aliyeona. Siku moja aliniambia, "Mwanangu, wewe umekaa kama mtu anayesubiri gari." Nikamwitikia, "Ndiyo, Mama."

Sote wawili, mimi na marehemu, tulikuwa mafundi wa kuchomelea. Tulikutana chuo cha ufundi, tukafungua karakana Katonga, hatua chache kutoka mahali samaki wanaposhushwa. Yeye alichukua mageti, madirisha na fremu za matela. Mimi nilichukua vyuma vinavyotaka subira: stenlesi, na vile vya kusubu, vinavyoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, ambavyo mafundi tunaviita kasti. Kasti haitaki haraka, na yeye alikuwa na haraka. Alikuwa akiwaambia wateja kwamba mkewe ana moyo wa baridi. Aliisema kama sifa, nami niliipokea kama sifa.

Eda ilipokuwa katikati, shemeji yangu, mdogo wake marehemu, alikuja na kitu kizito kimefungwa kwenye gunia. Yeye ndiye aliyekuwa amebaki anaendesha karakana. Alikitua uani, akavua kofia.

"Shemeji, nisamehe. Sikutaka kukusumbua."

Ilikuwa silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini ya dizeli, mali ya mzee mwenye boti la mbao linalobeba abiria na mizigo kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa, kule ambako barabara haifiki. Ilikuwa imepasuka ubavuni, kwenye ukuta unaozuia maji ya kupoozea injini. Shemeji alikuwa amejaribu kuichomelea. Pembeni mwa kazi yake palikuwa na ufa mwingine, mpya, mrefu kuliko wa kwanza.

"Umetumia vijiti gani?" nilimuuliza.

"Vya kawaida."

Sikumlaumu. Kasti imejaa kaboni. Ukiichomelea kwa kijiti cha kawaida, kaboni inaingia kwenye chuma kilichoyeyuka, na kikipoa kinakuwa kigumu kama kioo. Tupa haikili, na ubavuni panapasuka upya. Nikeli haishikani na kaboni namna hiyo. Inabaki laini, inakubali kuvutika kidogo wakati kasti inapojikunja kwa kupoa. Ndiyo maana tulikuwa tunaweka vijiti vya nikeli kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko, visipate unyevu. Tulikuwa na aina mbili. Moja ni karibu nikeli tupu, laini kabisa, unaweza kuitoboa na kuisugua kwa tupa. Nyingine ni nusu nikeli nusu chuma, ina nguvu zaidi, ya vyuma vinene. Ukuta ule ulikuwa mwembamba, na ulihitaji kusawazishwa baadaye. Nilimwambia alete ya kwanza.

Kisha nikakumbuka nilipo, nikamtazama mama mkwe. Alikuwa kwenye mkeka na tasbihi yake.

"Eda imekukataza kutoka," alisema. "Haijakukataza kushika kazi yako. Mwenye boti abaki nje ya ukuta. Na wewe jifunike."

Basi shemeji alileta mashine ya kuchomelea, grenda na kopo lile. Mwenye boti alikuja naye. Hakuingia. Alisimama nje ya ukuta wa uani na kutoa salamu kwa Kiha, halafu kwa Kiswahili.

"Poleni na msiba, mama."

"Tumeshapoa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Itapona?"

"Sijui bado."

Nilivaa aproni ya ngozi juu ya nguo yangu ya eda. Nilikata kazi yote ya shemeji kwa grenda mpaka nikafika kwenye chuma safi. Nikatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Chuma cha injini kuukuu kimenywa oili kwa miaka, na oili ikibaki ndani nikeli haishiki, kwa hiyo tuliiweka hedi juu ya jiko kubwa la mkaa, lile lililotumika kupikia wageni wa msiba, mpaka moshi ukaisha. Mama mkwe alipepea jiko kwa ungo.

Nikaanza. Unachomelea kipande kifupi, urefu wa kidole gumba hivi, unaacha. Unagonga taratibu kwa nyundo ndogo wakati bado ni moto, nikeli itandazike isiivute kasti. Unasubiri mpaka moto upungue. Unakwenda upande mwingine wa ufa, kipande kingine. Kazi yote ni kusubiri. Zamani katika kusubiri huko mume wangu alikuwa akija kunisimulia habari za sokoni, nami nikimwambia aniondolee kivuli. Siku hiyo nilisubiri nikitazama chuma. Nilijua kwamba hayupo. Nilijua kama ninavyojua kwamba nikeli haishikani na kaboni.

Shemeji alipiga kelele, "Shemeji, mguu!"

Cheche ilikuwa imeingia ndani ya kiatu changu. Nilikuwa nimesikia harufu, nikadhani ni oili iliyobaki. Nilivua kiatu, nikaona soksi imetoboka na ngozi imebabuka. Mama mkwe alileta maji akanimwagia.

"Hukusikia kuungua?"

"Sikusikia, Mama."

Alinishika ule mguu kwa muda mrefu. Nami nilikuwa nawaza kwamba hedi inapoa kupita kiasi.

Nilipomaliza tuliifukia kwenye jivu la moto ipoe polepole. Kesho yake shemeji aliifukua. Tupa ilikula nikeli vizuri, unga mweupe wenye kung'aa ukadondoka kwenye mkeka. Tulipaka chaki upande mmoja wa ufa na mafuta ya taa upande wa pili. Mafuta ya taa hupenya hata pale maji yasipopenya. Kama kuna tundu, chaki inalowa. Tulikaa. Chaki ilibaki kavu. Shemeji alipiga makofi peke yake. Mzee alipoambiwa kwa kupitia ukuta, alishukuru sana, akatuombea dua ndefu. Baadaye alituma migebuka, samaki wa ziwa letu. Mama mkwe aliikaanga, akakaa mbele yangu mpaka nikaimaliza.

Eda ilipokwisha nilirudi kazini Katonga. Kazi ya kwanza ilikuwa tangi la mawese la mama mmoja wa Simbo. Shemeji alikuwa ameshanunua bati la stenlesi, na alinionyesha kwa furaha kwamba sumaku haikamati.

"Muuzaji kasema ni ile nzuri, yenye nikeli."

"Sumaku haitoshi," nilimwambia. "Kuna ambayo nikeli imepunguzwa, ikajazwa manganizi, madini ya bei rahisi. Nayo sumaku haiikamati. Lakini ikikaa na chumvi na unyevu, inatoa kutu." Nikamwonyesha ukingo wa bati uliokuwa umelala nje tangu mvua za wiki iliyopita. Vidoa vya kahawia vilikuwa vimeanza.

Alivitazama. "Kaka angenitukana," alisema.

"Angekutukana, ndiyo."

Akaketi juu ya tofali na kulia, mtu mzima, mbele ya wachuuzi wa dagaa. Nilisimama nimeshika ncha ya bati. Nilitamani nimfuate shemeji huko kwenye kilio, lakini sikujua njia. Nilimletea maji anawe uso, tukalirudisha bati dukani, muuzaji akabadilisha bila ubishi.

Kilio changu kilikuja miezi mingi baadaye. Nilikuwa nachambua mchele uani kwa mama mkwe, ambako niliendelea kuishi, mchana, redio ya jirani inatangaza bei za mazao. Hakuna aliyenikumbusha kitu. Machozi yalitoka tu, mengi, yakalowesha mchele. Mama mkwe alitokeza mlangoni, akaniona, akarudi ndani na kuniachia nafasi. Yalipokwisha niliumwaga mchele kwenye sufuria, nikauosha, nikaubandika.