Sukari ya Kiganjani

Nilirudi kwetu Kamina na diploma yangu ya biashara, niliyoisomea kwa jasho langu bila mjomba wa kunishika mkono, nikafungua duka katika mtaa huu ambao wafanyabiashara wakubwa waliogopa hata kuweka meza. Wakiniuliza nilifundishwa wapi, nawatajia Ulaya. Wewe nitakuambia kweli: nilifundishwa dirishani kwa mama wa butiki, jirani yetu wa wakati wa Zaire aliyeuza rejareja kwenye dirisha la nyumba yake.

Soko lilikuwa ng'ambo ya reli. Yeye alinunua gunia, akatuuzia vidogo vidogo: mafuta kwa kifuniko cha chupa, sabuni iliyokatwa kwa uzi, samaki mkavu kutoka Kinkondja nusu nusu. "Soko iko mbali," alisema, "njaa iko hapa hapa."

Lakini werevu wake ulikuwa kwetu, watoto tuliotumwa. "Leta mukono!" Punje za sukari zikadondoka kiganjani, nyongeza ya bure. "Hii njo matabishi yako. Ya mama usionje mu njia." Nani angekubali kutumwa kwingine? Maprofesa wangu hawakuwahi kunipa somo zuri kuliko hilo.

Kisha watu wenye asili ya Kasai, jimbo jirani, wakafukuzwa kwetu. Yeye alizaliwa Kamina, lakini baba yake alitoka Kasai, na hiyo ilitosha. Mtaa mzima ulimsindikiza stesheni. Mwimbishaji wa kwaya yetu alipokea ufunguo wa butiki yake kwa mikono miwili. "Mama, enda na roho mutulivu. Miye njo nitachunga. Siku utarudia, utakuta vile uliacha."

Kesho yake asubuhi dirisha lilikuwa wazi, naye mwimbishaji amekaa kwenye kiti cha mama, anauza. Bibi yangu alinituma sukari. Nilinyoosha kiganja.

"Weye, funga mukono! Mwenye matabishi alienda na treni."

Watu wote kwenye foleni walicheka. Wale wale waliolia stesheni. Nilikimbia kumshtaki kwa bibi. Bibi alionja sukari, akafunga karatasi. "Nyamaza. Sukari ni sukari."

Mama wa butiki hakurudi.

Juzi mtoto alitumwa dukani kwangu. Nilimpimia sukari, kisha nikamwambia alete mkono, nikammiminia kidogo. Alitazama kiganja chake, akanitazama mimi. Halafu akaimimina ile sukari, punje kwa punje, ndani ya mfuko wa sukari ya mama yake, akidhani nimekosea kipimo.