Mwezi Niliouonea Ulaya

Jioni ya Ramadhani ishirini na tisa, binti yangu Zaina, anayesoma Ulaya, alinipeleka kwenye jengo la kale la kutazamia nyota. Nikachungulia kwenye darubini, nikaona hilali nyembamba, nyeupe. Machozi yakanilengalenga. Sikuuliza mtu. Mimi, mzee wa msikiti kule Lushoto, niulize nini?

Nikampigia mke wangu. “Mama Zaina, mwezi umeandama. Nimeuona kwa macho yangu.”

“Alhamdulillahi,” akasema, nikamsikia akiwaita majirani.

Zaina naye akachungulia.

“Baba, hii ni sayari, Zuhura. Kwenye darubini nayo huonekana imekatika kama mwezi.”

Simu ilikuwa bado sikioni. Lushoto walishaanza takbira za Idi.