Mpiga Picha wa Mapafu

Alhamisi asubuhi nilipigiwa simu na binti wa rafiki yangu wa zamani. Aliniamkia mara mbili, nikajua. Mzee alikuwa amefariki nyumbani kwake Ipagala, muda mfupi baada ya kunywa chai, na maziko yangekuwa baada ya sala ya Alasiri. Ninyi wasomaji wangu mnaonifuata kila wiki mnajua kwamba sina mazoea ya kuandika tanzia. Nikiandika, huwa ni za watu ambao magazeti mengine hayatawaandika. Huyu hakuwa mbunge, hakuwa tajiri, na hakuna mtaa uliopewa jina lake. Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mapafu. Aliianza tangu enzi za Mwingereza, katika hospitali moja ya uwanda wetu wa Dodoma ambayo sitaitaja, akaifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Naandika habari zake nikiwa na furaha, na anayeona vibaya anisamehe, kwa maana mtu huyu alipata kushinda ushindi mkubwa na mimi nilikuwepo.

Baba yake alikuwa Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini. Ndugu zake wote waliingia dukani, wakawa wanapima kaniki kwa yadi. Yeye akaenda pwani kujifunza mashine ya eksirei, na nyumbani wakamsema sana kwamba ameacha kiti cha baba yake akaenda kufungiwa chumba cha giza na wagonjwa wa kifua. Hakujali. Alipoanza kazi alichukua rangi nyeupe akachora nyayo mbili kwenye sakafu ya saruji, mbele ya mashine, na kila mgonjwa ilimlazimu kusimama juu ya nyayo zile. Kidevu juu, mabega mbele, vuta pumzi, izuie. Ukirudi baada ya miezi mitatu, ni vilevile, nyayo zilezile na pumzi ileile. Wagogo wenzangu waliotoka vijijini aliwaamkia "Mbukwa" kwa lafudhi ya kuchekesha mno, wakacheka, na hofu ya ile mashine ikapungua. Kisha aliwaeleza: "Leo nikikupiga umesimama hapa, siku nyingine umesimama pale, nitajuaje kama ugonjwa umepungua au ni wewe umesogea?"

Alikuwa mkali, tena mkali bila kuchagua mtu. Siku moja Bwana Shauri mwenyewe, yule Mwingereza mkuu wa wilaya, aliletwa na kikohozi kisichoisha. Akakataa kuvua shati lake la sare lenye vifungo vya shaba, eti si heshima kubaki kifua wazi mbele ya wafanyakazi. Rafiki yangu akamwambia kwa upole, kwa Kiswahili, ili wote tuliokuwa kwenye foleni tusikie: "Bwana, mashine hii haijui cheo. Itachora vifungo vyako ndani ya mapafu, na daktari atakutibu ugonjwa wa shaba." Bwana Shauri akavua. Habari hiyo ilizunguka sokoni wiki nzima, na kila aliyeisimulia aliongeza kifungo kimoja.

Mimi nilikuwa kwenye foleni ile kwa sababu ya dada yangu. Kwetu ni Mkonze. Mume wake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu, na hata matanga hayajasahaulika naye akaanza kukohoa damu. Tulipomfikisha hospitali alikuwa amenyolewa kichwa chote kwa msiba, amekonda, shingo imebaki mishipa. Picha yake ya kwanza ilionyesha wingu jeupe upande wa kulia. Daktari, Mwingereza mzee mwenye huruma na mwenye haraka, akaamua aanzishiwe sindano mpya zilizokuwa zimeanza kufika nchini. Zilikuwa chache. Alituambia wazi kwamba baada ya miezi kadhaa atapigwa picha nyingine, na kama wingu halikupungua, sindano zitahamishiwa kwa mgonjwa mwingine ambaye huenda zikamfaa. Mimi, binti wa miaka kumi na saba, nikabaki pale kumpikia uji na kumfulia.

Akaanza kupata nafuu. Kwanza alimaliza uji, kisha akauliza kama kuna nyama, kisha siku moja akamcheka muuguzi aliyeteleza na ndoo. Nywele zake zilikuwa zimeota, na kwa mkono wangu mwepesi zilitosha. Nikamkalisha uani nikamsuka misuko membamba iliyofika mabegani, nikiiunga kwa nyuzi, nikaipaka mafuta ya ng'ombe na udongo mwekundu kama alivyokuwa akipenda kabla ya msiba. Nilikuwa namrudisha duniani, ndivyo nilivyoona. Wiki hiyohiyo akaitwa kupigwa picha ya pili. Alijifunga kitambaa kichwani kikafunika misuko hadi mabegani, akavua shanga zote kama alivyoagizwa, akasimama juu ya nyayo, akavuta pumzi, akaizuia.

Kesho yake muuguzi alinijia akiangalia chini. Wingu halikupungua. Lile la chini lilikuwa limefifia kidogo, lakini huku juu, karibu na bega, kulikuwa na jingine jipya, zito kuliko la kwanza. Daktari ameshaamua, dada akamilishe sindano za wiki hiyo kisha aende nyumbani. Nilimkuta dada yangu ameshafunga kikapu chake. Aliniambia, "Usilie. Nirudishe Mkonze nikalale karibu na mume wangu." Nikaketi sakafuni, nikalia kwa sauti mpaka wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaanza kulia nami.

Ndipo mlango ukafunguliwa kwa kishindo. Ni yeye mpiga picha, amekunja mikono ya shati, ameshika picha zote mbili. Hakusalimu. Alimtazama dada kichwani, akasema, "Toa kitambaa." Dada akakitoa, misuko ikaonekana imelala mabegani. "Nani amemsuka huyu?"

"Ni mimi," nikasema, nikidhani nimevunja sheria ya hospitali.

"Kwa nini umemsuka?"

"Kwa sababu alianza kucheka."

Akatuambia tumfuate, mimi na dada, moja kwa moja mpaka chumba cha daktari, ambako hata waganga wasaidizi waliingia kwa kubisha hodi mara mbili. Aliziweka picha zile dirishani penye jua, moja kando ya nyingine. Nakumbuka kila neno. "Daktari, tazama hili wingu la juu. Linapanda, linapita mfupa wa bega, linaendelea mpaka shingoni, nje kabisa ya pafu. Ugonjwa wa pafu hauwezi kutoka nje ya pafu. Hizi ni nywele. Ni misuko, na udongo, na mafuta. Mara ya kwanza alikuwa amenyolewa." Daktari akainama akatazama, akasema kwamba yeye huwaona wagonjwa wengi na hawezi kubadili uamuzi kwa kukisia. "Si kukisia," akajibu. "Kosa ni langu. Nilitazama miguu yake, sikutazama kichwa chake. Nipe picha moja tu, niirudie."

Nilimfunga dada misuko yote utosini kwa kipande cha kanga. Fundo likafunguka mara mbili, nikalifunga tena. Akasimama juu ya zile nyayo. Tukangoja nje ya chumba cha giza, mimi, dada, muuguzi, na daktari naye akawa amesimama nasi kama mtu wa kawaida. Yule bwana alipotoka, picha ikiwa bado inachuruzika maji, aliiinua juu kwenye mwanga. Juu hapakuwa na wingu lolote. Chini, lile la zamani lilikuwa limesinyaa likabaki alama ndogo tu. Daktari alivua miwani, akaifuta, akavaa tena, akamwambia muuguzi, "Endeleeni na sindano." Vigelegele nilivyopiga siku ile sijapata kuvipiga tena, hata kwenye harusi yangu mwenyewe. Wodi nzima iliitikia, na rafiki yangu akatufokea kwamba tunawasumbua wagonjwa.

Mwaka juzi madaktari walikuta saratani kwenye pafu langu. Leo zipo mashine zinazokukata picha vipande vipande ukiwa umelala, na kila baada ya awamu ya dawa wanalinganisha uvimbe wa leo na wa siku ile. Kijana wa mashine alinisisitiza nilale hivihivi, mikono juu, pumzi kama mara ya kwanza, akadhani nitachoka na masharti. Nilimwambia aendelee kusisitiza. Walipolinganisha, uvimbe ulikuwa umepungua zaidi ya nusu, na mtu wa kwanza niliyempigia simu alikuwa mzee wa Ipagala. Akauliza kama nilifunga nywele. Nikamjibu dawa zimezimaliza zote. "Afadhali," akasema, "umetupunguzia kazi." Tulicheka mpaka mkewe akamnyang'anya simu.

Tumepata mashine nzuri, na nazishukuru kwa maisha yangu. Lakini nimeishi ofisini na kazini miaka mingi, nimeona watu wenye ujuzi wakitetea makosa yao mpaka mwingine akaumia, kwa kuogopa tu kudharauliwa. Yeye alikuwa kijana, daktari alikuwa mkubwa wake, tena Mwingereza, katika nchi iliyotawaliwa na Waingereza, na hakuna aliyemshuku kwa lolote. Angenyamaza, dada yangu angeondoka na kikapu chake na asingelaumiwa mtu. Basi wanangu mnaoanza kazi, jifunzeni ujuzi wote mnaoweza, na siku mkigundua mmekosea, semeni upesi, wakati mtu bado hajaondoka. Alhamisi dada yangu alikuja msibani Ipagala kwa miguu yake, ana miaka sabini na kitu, na nyuma yake walikuwepo watoto wake wanne, wote wamezaliwa baada ya picha ile.